Kuijua Njia Nzuri ya Baiskeli ya Changarawe: Majoreni na Kusini mwa Kwale

Ubora wa njia ya baiskeli ya changarawe huanzia ardhini. Mandhari huja baadaye. Kusini mwa Kwale, kuanzia Msambweni hadi mpaka wa Tanzania, mwendeshaji anaweza kupita aina nne za ardhi kabla jua halijawa kali: mwamba wa matumbawe karibu na bahari, mchanga mwekundu nyuma yake, udongo wa mfinyanzi mabondeni, na changarawe iliyomwagwa kwenye barabara za vijijini. Kwenye picha ya setilaiti zote nne ni mstari uleule wa rangi ya kahawia, na njia iliyochorwa kwa kutazama picha hiyo peke yake hujulikana mara tu tairi linapogusa mchanga. Majoreni, kijiji cha Lunga Lunga kilichoegemea mikoko kati ya Shimoni na Vanga, ni mahali pazuri pa kujifunzia kupima, kwa kuwa huko bahari, mashamba, mito na vilima vya msitu vimekaribiana.

Kila ardhi ina tabia yake. Kule Kansas, Marekani, yanakofanyika mashindano ya Unbound Gravel, kinachoogopwa ni mawe ya gumegume yanayokata matairi. Matumbawe ya Pwani hufanya kazi hiyohiyo, nayo hukata ubavuni, mahali ambapo tairi ni jembamba na kiraka hakishiki vizuri. Kipande kifupi cha mwamba kinachompeleka mtu kwenye maji kinavumilika. Njia inayomlaza mtu juu ya matumbawe nusu ya siku haifai, hata kama bahari inaonekana mwendo mzima.

Mchanga mwekundu na mfinyanzi hutofautiana kwa namna ambayo mpimaji lazima aijue. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, mchanga hukauka ukalegea, na tairi la milimita 40 huzama na kuyumba. Hapo panahitajika milimita 45 au 50, tena lililopunguzwa upepo. Mvua kidogo ikinyesha, mchanga uleule hushikana na kuwa mgumu, ukabeba baiskeli bila taabu. Mfinyanzi ni kinyume chake. Ukiwa mkavu ni laini na wa kasi, lakini mvua hiyohiyo ikiugusa hunata kwenye tairi, huokota majani na vijiti, na kujaza nafasi iliyopo kati ya tairi na vyuma vinavyolishika. Gurudumu husimama kabisa, na mtu hubeba baiskeli begani akikwangua tope kwa kijiti. Kwa hiyo njia isiyotaja msimu wake haijakamilika. Iliyochorwa vizuri husema wazi: hii ni ya Agosti, hii ni ya vuli baada ya mvua za mwanzo, na katikati ya masika, mwezi wa Mei, ibaki barabara ya lami ya Likoni–Lunga Lunga.

Baada ya udongo, mpimaji hutazama nyayo. Kwale imejaa waendesha baiskeli wa zamani kuliko mchezo huu: wachukuzi wa madafu, mitungi ya maji na magunia ya makaa, juu ya baiskeli za Black Mamba zenye karia nzito na gia moja. Mtu mwenye mzigo hapotezi nguvu, na mstari wake ndio mstari bora wa barabara. Ukiwa mwembamba na umeng'aa ukingoni mwa barabara yenye matuta, unaonyesha mahali pa kupita bila kutikiswa. Ukikatika ghafla na nyayo zikawa za miguu peke yake, mbele kuna mchanga au mwinuko unaomfanya mchukuzi ashuke. Alama nyingine ya kutazamwa kwa makini iko kwenye mabonde madogo: kijia cha bodaboda kinachoacha barabara, kikazunguka ndani ya shamba na kurudi mbele. Kijia hicho kikiwa kimeota nyasi, barabara hujaa maji wakati wa masika tu. Kikiwa kipya katikati ya kiangazi, basi barabara yenyewe imekatika. Njia ambayo mchoraji wake amesoma alama hizi haimtupi mtu kwenye shimo, na hilo ni sifa kubwa kuliko maporomoko yoyote ya maji.

Mito ndiyo mtihani mgumu zaidi. Umba hutoka kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania na kumwaga maji yake karibu na Vanga. Mvua ikinyesha huko juu, mto hufurika huku chini hata kama mbingu ya Majoreni ni nyeupe. Mchoraji wa njia za bonde hilo asiyeuliza habari za mvua ya Usambara hajaijua kazi yake. Ramisi, unaoingia baharini kwenye ghuba ya Funzi, una mamba, na hilo linatosha kuamua: huvukwa darajani, na njia yoyote inayoonyesha kuvuka kwa miguu ikataliwe bila mjadala. Kwa jumla njia bora ya bonde hukaa begani mwa bonde, mahali pakavu penye upepo na mtazamo, ikashuka mtoni pale penye daraja tu.

Kando ya Ramisi kuna kishawishi kimoja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na baadaye kilimo cha miwa kikafufuliwa na kampuni ya KISCOL. Barabara za miwa ni pana, zimenyooka, na kwenye ramani zinavutia mno. Lakini hazina kivuli, wakati wa mavuno hujaa matrekta na malori, na ni mali ya mtu. Ruhusa ikipatikana, kilomita chache zinatosha kuunganisha vipande viwili vizuri. Siku nzima humo inachosha macho na miguu.

Msituni kipimo ni adabu. Kilima cha Mrima karibu na Kikoneni, na Dzombo upande wa Lunga Lunga, vinampa mwendeshaji kile ambacho pwani tambarare haina: mwinuko wa kweli na kivuli kizito. Njia nzuri huzunguka vilima hivi miguuni mwake kwa barabara za vijiji. Kwenye kaya za Wadigo, yaani misitu yao mitakatifu, hakuna la kupima. Kaya Kinondo, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, huingiwa kwa miguu, kwa ruhusa ya wazee, mgeni akiwa amejifunga kitambaa cheusi. Baiskeli hubaki nje. Ndani ya hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, kuna ndovu, na kauli ni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mchoraji anayepitisha mstari ndani ya sehemu kama hizi kwa kuwa kuna kijia amechora njia mbovu, hata kijia chenyewe kikiwa kizuri namna gani. Hukumu hiyohiyo ipewe njia inayokatiza uani mwa watu. Jirani hupita hapo akipiga hodi na kujulia hali. Baiskeli kumi na tano zinazopita jikoni mwa mtu kwa kasi ni jambo jingine kabisa.

Ufuoni, anayejua bahari hujitenga na asiyejua. Tofauti ya maji makavu na maji kujaa hufikia karibu mita 4 wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo bahari hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne au tano. Diani, kupwa kwa bamvua asubuhi humwachia mwendeshaji mchanga mpana ulioshikana, mzuri kuliko barabara nyingi. Majoreni, Jimbo na Vanga hali ni tofauti. Pwani yao ni ya mikoko na tope, na njia hupita nyuma ya mikoko kwenye majangwa ya chumvi, ardhi nyeupe isiyoota kitu, ngumu na tambarare wakati wa maji mafu. Bamvua huyafunika majangwa hayo, na hata maji yakitoka, utelezi hubaki. Siku iliyo bora Diani ndiyo iliyo mbaya Majoreni, na njia inayounganisha pwani zote mbili katika tarehe moja imechorwa na mtu asiyetazama mwezi. Gazi, ambako mikoko inatunzwa chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, daraja la mbao la kikundi cha akina mama ni la kutembelewa kwa miguu. Baiskeli isukumwe hadi langoni tu.

Upepo nao hupanga mwelekeo. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, humsukuma mtu kutoka Vanga kwenda Diani. Wakati wa kaskazi njia ileile igeuzwe.

Yaliyobaki ni maji ya kunywa na mpaka. Visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi, kwa hiyo njia nzuri hupitia vijiji vya ndani vyenye pampu za mkono za Afridev, aina iliyojaribiwa Kwale miaka ya 1980, na hutaja pampu inayofanya kazi mwaka huo. Vijia vya Vanga vinaendelea hadi Jasini bila kizuizi cha kuonekana, lakini anayetaka kuingia Tanzania hupitia Lunga Lunga na Horohoro, akiwa na hati zake mkononi. Mstari usioonyesha hivyo urudishwe kwa mchoraji, pamoja na ule ambao haujakaguliwa tangu masika yaliyopita.