Mwulize Fundi Kabla ya Kutupa Begi

Begi la mgongoni likikatika mkanda, wengi huona limekwisha wakakimbilia dukani. Hukumu hiyo ni ya haraka. Begi huanza kuharibika pale vipande vinapokutana: mkanda unapoungwa na mgongo, zipu inapopinda kona, kitako kinaposhonwa na ubavu. Kitambaa cha nailoni au poliesta kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko mishono yake. Basi cha kuuliza ni kimoja: kilichochoka ni kiungo au kitambaa? Kiungo hushoneka upya. Kitambaa kilichooza hakishiki uzi.

Hapo ndipo ufundi unapostahili kusifiwa. Zipu inayofungwa kisha ikaachia nyuma mara nyingi meno yake ni mazima. Kilichopanuka ni kichwa chake. Fundi hukibana kwa koleo, upande huu na huu, kidogo kidogo, maana akikaza mno kitapasuka. Kikikataa, hukichomoa akaweka kingine. Mkanda uliong'oka haurudishi kwenye matundu yaliyolegea: huweka kiraka kwa ndani, akaushona mraba, kisha akaupitishia mistari miwili inayopishana katikati ili uzito wa madaftari usielemee mshono mmoja. Uzi wake ni wa nailoni, kwa kuwa wa pamba huozeshwa na jasho na unyevu. Kiungo kilichofanyiwa kazi hiyo huweza kushinda kile cha kiwandani.

Atakayepinga atasema Kariakoo mabegi mapya ni bei poa, ya nini kuhangaika? Hoja hiyo ina uzito kwa mzazi mwenye watoto kadhaa shuleni, lakini rahisi ni ghali: begi lililoshikizwa mkanda kwa mshono mmoja mwembamba litakatika palepale, naye atanunua tena. Ni kweli pia kwamba yapo mabegi yasiyoponyeka. Utando wa ndani ukishanata na kubanduka magamba kwa joto na unyevu, hakuna sindano itakayouokoa. Fundi mwaminifu atakuambia usipoteze hela, ila vifungo na vichwa vya zipu avitunze kwa ajili ya begi jingine.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, kivute kitambaa kwa mikono miwili kando ya palipochanika. Kikistahimili, lipeleke begi kwa fundi mapema, kabla ufa haujawa pengo, na umlipe bila kumpunja: unalipia ujuzi, si uzi.