Maziwa ya Mbuzi

Kwa miaka mingi, chuoni, nilifundisha sura moja ya kitabu na kuifundisha vibaya. Kitabu chenyewe ni maisha ya Gandhi kama alivyoyaandika mwenyewe, yakitoka kidogo kidogo gazetini kati ya mwaka 1925 na 1929. Hakikuwamo katika muhtasari wa masomo. Nilikichomeka katika kipindi cha maadili ya kazi kwa sababu nilikipenda, na mkuu wa chuo ni nani wa kumkataza?

Sura niliyoipenda zaidi ni ile ya ugonjwa wake wa mwaka 1918. Msomaji ataikumbuka. Mwaka 1912, Afrika Kusini, yeye na rafiki yake Kallenbach waliapa kutokunywa maziwa tena. Nyama hakuwa akila, na sasa akabaki na matunda, njugu na nafaka. Ndiyo maisha ambayo Waingereza waliyapatia jina mwaka 1944, na ambayo vijana wa leo huyaita ya kivegani: hakuna nyama, samaki, yai, maziwa wala asali. Miaka sita baadaye akashikwa na kuhara damu, akadhoofika hata akajiona wa kufa. Daktari akamwambia hatapona bila maziwa. Akakataa, ana nadhiri. Hapo mkewe, Kasturba, akasema: nadhiri yako ilikuwa ya maziwa ya ng'ombe na nyati, ya mbuzi je? Akakubali, akanywa. Kisha akaandika, bila kujificha, kwamba ameshika maneno ya nadhiri na kuua roho yake.

Mimi ukingoni mwa ukurasa ule niliandika kwa wino mwekundu: UDHAIFU. Kisha nikawageukia wanachuo na kuwauliza, mwalimu asiyeweza kujitawala tumboni atatawalaje darasa? Walicheka, wakaandika daftarini. Mungu anisamehe, baadhi yao huenda wanaifundisha hivyo hadi leo.

Nimekirudia kitabu kile baada ya kustaafu, hapa Kashozi, kwa sababu yaliyompata Gandhi yalinipata mimi kwa kipimo changu kidogo. Daktari aliniambia nipunguze nyama nyekundu. Mjukuu wangu akacheka mezani, akasema babu hawezi, babu na nyama ni ndugu. Nikaapa papo hapo kwamba nitaacha vyote, pamoja na samaki, mayai na maziwa. Niliapa kwa sababu nilichokozwa, jambo ambalo mtu wa miaka sabini na kitu hapaswi kujivunia.

Mtu angedhani kwetu jambo hili ni rahisi. Chakula cha Mhaya ni ndizi na maharage, na nyumba nyingi hupitisha wiki nzima bila nyama, si kwa nadhiri bali kwa mfuko. Miezi ya kwanza sikuona shida. Nilicheka peke yangu jambo moja tu: mgomba wenyewe hauli hivyo. Kibanja kisichopata samadi huchoka, na ndizi niliyojisifia kuwa haina damu ilikuwa imelishwa na zizi la jirani.

Mwili nao ulidai chake. Mwaka wa pili ulipoanza, nyayo zilinifa ganzi, na hospitalini wakanieleza habari za vitamini B12, ambayo ndizi na maharage havina. Nikapewa vidonge, nikapata nafuu. Nalisema hili wazi kwa sababu wengi hudhani watu huacha mlo huu kwa kuwa mwili umekataa. Wapo, bila shaka, na Gandhi alikuwa kitandani kweli. Lakini ganzi yangu ilikuwa na dawa yake.

Lililokosa dawa ni meza. Msibani naletewa sahani, nasukuma pembeni, na mama aliyepika anauliza kimyakimya kama amekosa nini. Harusini nakaa kama mkaguzi. Wenyeji wakaanza kunipikia peke yangu, kisha wakaanza kutonialika, kwa huruma tu. Utafiti uliofanywa Marekani mwaka 2014, uliohoji zaidi ya watu 11,000, ulionyesha kuwa katika kila 100 waliowahi kuacha nyama, 84 walirudi, na theluthi moja hivi ya waliorudi hawakumaliza hata miezi mitatu. Wengi wa hao hawakuwa na kundi lolote la wenzao. Hilo halikunishangaza. Sisi Wakatoliki hatuvunji Kwaresima katikati, kwa kuwa parokia nzima imo ndani yake na Pasaka inajulikana tarehe. Wala sijasikia mtu aliyechoshwa na omuziro, mwiko wa ukoo wake, kwani ukoo mzima unaushika naye. Mimi nilikuwa ukoo wa mtu mmoja.

Basi ukafika Novemba, na senene wakaja. Dada yangu, anayenizidi miaka sita, alikuja kwa miguu na kikapu. Alikuwa amewanyonyoa mbawa na miguu mwenyewe, kwa vidole vile vilivyopinda, akawakaanga kwa mafuta yao na chumvi, wakiwa bado wana joto ndani ya jani la mgomba. Nikamwambia, dada, mimi siku hizi sili hao. Nikamweleza habari ya nadhiri kwa sauti yangu ya darasani.

Lazima msomaji ajue kitu hapa. Nyumbani kwetu, miaka ya hamsini, mama na dada zangu waliwakamata senene, wakawanyonyoa, wakawakaanga, na hawakuonja. Walikuwa wa wanaume. Kuku vilevile, na mayai. Mimi mtoto wa kiume nilikaa nikala mbele yao na sikuona ajabu. Dada alionja senene kwa mara ya kwanza akiwa na watoto wawili, siku mumewe alipokuwa safarini, amefunga mlango.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilikatazwa. Wewe umejikataza. Umeshiba sana wewe." Akaanza kufunga jani.

Nikala. Sikula kwa njaa, wala sitadai kuwa nilikula kwa upendo mtupu, aibu ilikuwamo.

Usiku ule nilifungua kitabu, na nikaona nilivyokuwa nimesoma kama kipofu. Jioni zote zile za kufundisha sikumtazama Kasturba. Yeye ndiye aliyempikia siku ile alipougua: uji mtamu wa ngano kwa mafuta badala ya samli, kwa kuheshimu nadhiri ambayo si yake, na bakuli la choroko. Na miaka ya nyuma, Afrika Kusini, alipokuwa mgonjwa yeye, mume alimtaka aache chumvi na jamii ya maharage. Akajibu kwa uchungu kwamba hata wewe ungeambiwa usingeweza. Papo hapo mume akaapa kuviacha mwaka mzima. Mke akalia, akamwomba aondoe kiapo, yeye ataacha tu. Mume akakataa. Gandhi anaisimulia habari hiyo kama moja ya kumbukumbu zake tamu, na hapo ndipo nathubutu kugombana naye, mimi mwalimu mstaafu wa Kashozi. Utamu ulikuwa wa nani? Kiapo kile kilimpiga mwanamke mgonjwa kuliko tumbo la aliyeapa.

Ndiyo maana siamini tena maelezo yake ya maziwa ya mbuzi. Anasema ni vita baina ya ukweli na tamaa ya kuishi, na tamaa ikashinda. Vita vya mtu mmoja, tena vizuri kusimulia. Mimi naona mke aliyezijua nadhiri za mumewe neno kwa neno, kwa kuwa ndiye aliyezipikia, akatafuta upenyo katika maneno yake ili asizikwe nazo. Hata hivyo nampa Gandhi sifa yake: hakuita maziwa yale jina jingine, na aliandika kwamba jambo lile liliendelea kumchoma. Wengi wetu tunaorudi hukimbilia kusema kwamba daktari alituamuru.

Neno langu jekundu sikulifuta. Wino umekwisha kuingia upande wa pili wa karatasi. Nyama bado siipendi kama zamani, na maziwa sinywi. Novemba hii dada amesema vidole vyake haviwezi tena, kwa hiyo kazi ya kunyonyoa ni yangu, na nimekwisha nunua beseni.