Nguzo ya Kati Iliuharibu Mwezi Mwekundu

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, ukakaa mwekundu kwa zaidi ya dakika 80, na ule mfululizo wa picha tuliousubiri kutoka kwa kikosi cha wapiga picha ukatoka na kingo mbili-mbili. Fokasi na ISO zilikuwa sawa, shata pia. Kilichowaangusha ni jinsi walivyoisimamisha tripodi.

Tazameni tena picha ya kikosi hicho kazini, waliyoisambaza wenyewe. Lenzi ya 600mm, tripodi nyembamba ya safari, na nguzo ya kati imevutwa hadi mwisho ilhali kipande cha chini cha kila mguu bado kimefungwa! Sababu naiona: mwezi umepanda, kamera imeinuliwa, skrini imeshuka chini ya macho ya mpigaji. Akaona kuvuta nguzo ni haraka kuliko kufungua miguu mitatu. Kuanzia hapo mzigo wote ulikaa juu ya bomba moja jembamba lililobanwa na skrubu moja. Ilipofika saa 2:30 usiku kivuli cha dunia kikaumeza mwezi, mwanga ukapungua maelfu ya mara, shata ikashushwa hadi robo sekunde. Ndipo mtetemo unapouma zaidi, na kwa 600mm hata ule usioonekana kwa macho unausogeza ukingo. Angepiga magoti tu! Nimeipigia kelele nguzo hii miaka mingi na sitanyamaza: tripodi ya lenzi ndefu isiwe nayo kabisa.

Wauzaji wa Kariakoo nao waache kutuambia "hii inabeba kilo 10". Kilo hizo zinaeleza mzigo ambao haitaporomoka nao. Kuhusu kutulia hazisemi lolote. Pima unene wa kipande cha chini kabisa, na hesabu viungo: miguu ya vipande vitatu hutulia kuliko ya vitano. Ndege arukaye anataka kichwa cha gimbali, video ya harusi kichwa cha mafuta. Ndani ya gari kule Mara tripodi haina kazi, mfuko wa maharage dirishani unatosha.

Mwaka 1941, huko Hernandez, New Mexico, Ansel Adams aliuona mwezi juu ya makaburi jua likizama. Kipimamwanga hakukiona. Lakini kamera yake ya inchi 8 kwa 10 ilikuwa juu ya tripodi iliyotulia, akaacha shata wazi sekunde 1 kwa f/32, na misalaba ile inahesabika hadi leo. Wazee wale walijua uzito ni rafiki. Kizazi hiki kinategemea kidhibiti mtetemo, ambacho kwenye lenzi nyingi za zamani kikiachwa kimewashwa juu ya tripodi huleta mtetemo wake chenyewe.

Tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utapatwa wote tena mbele yetu, mapema jioni, ukiwa bado chini upande wa mashariki. Siku hiyo hata kisingizio cha skrini hakitakuwepo.