Boti Isiyotaka Kulowa

Tarehe 26 Juni 1950, katika Ziwa Washington mjini Seattle, boti iliyoitwa Slo-mo-shun IV ilikimbia kwa wastani wa kilomita 258 kwa saa. Rekodi ya dunia iliyovunjwa siku hiyo, kilomita 228, ilikuwa ya Mwingereza Malcolm Campbell tangu mwaka 1939. Mwenye boti, Stanley Sayres, ndiye aliyeshika usukani. Mchoro ulikuwa wa Ted Jones, na aliyeijenga ni Anchor Jensen. Injini yake ilikuwa Allison, ya ndege za kivita, lakini injini za aina hiyo zilizagaa baada ya vita na mwenye fedha yeyote angeweza kuipata. Siri ilikuwa chini ya boti. Ilipokolea mwendo, iligusa maji sehemu tatu tu: ncha mbili za mbele, na nusu ya propela nyuma.

Umbo hilo bado linajengwa, ila sasa linabebeka kwapani. Huko Marekani wapo mafundi wa mifano wanaojenga boti hizo kwa kipimo cha moja kwa nane, urefu wa mita moja na ushei, na kuzishindanisha kwa rimoti. Wengine hutumia injini za mafuta. Wengine wamehamia kwenye umeme, na hapo ndipo ufundi huu unapoonyesha ukali wake wote, maana mota ya umeme haina mlio wa kuficha kasoro za chombo.

Boti ya umeme inayoongozwa kwa mawimbi ya redio si jambo la juzi. Nikola Tesla aliionyesha hadharani mwaka 1898 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, na tarehe 8 Novemba mwaka huohuo akapewa hataza namba 613,809 ya Marekani. Ilikuwa na betri zake, usukani wake na taa zake, na ilitii amri ya mtu aliyesimama mbali bila waya wowote kati yao. Boti ya Tesla ilitaka kutii tu. Hii ya mbio inatakiwa itii ikiwa nusu imeshaondoka majini.

Fundi wa jahazi huanza na mkuku. Fundi wa boti hii hana mkuku wa kuanzia. Huanza na meza iliyonyooka kabisa, akasimamisha mataruma yake ya plaibodi nyembamba kichwa chini miguu juu, akayafunga kwa epoksi. Meza ikipinda milimita mbili, boti nzima itazaliwa imepinda, na hakuna msasa utakaoirudisha. Kisha huja ngozi ya plaibodi, kitambaa cha faibaglasi, na vipande vya kaboni pale panapobeba nguvu: chini ya mota, kwenye ubao wa tezi, na ndani ya sponsoni, yaani vile vijimwili viwili vya mbele vinavyoonekana kama ndubi za ngalawa. Kazi za ndubi na sponsoni hata hivyo zinapingana. Ndubi hukaa majini ili chombo kisipinduke. Sponsoni hukaa majini ili chombo kisiwemo.

Kuna mahali pamoja ambapo mkono wa anayeanza hujulikana mara moja, nao ni ukingo wa nyuma wa sponsoni. Mtu aliyezoea kutengeneza samani hupenda kona laini, basi huupitishia msasa mpaka ukawa mviringo na kupendeza kwa kidole. Maji nayo huupenda. Yakifika kwenye kona ya mviringo hayaachi. Hujipinda nayo, hupanda ubavuni, na yanavyojipinda huivuta boti chini. Fundi anayejua hufanya kinyume. Huweka uzi wa epoksi pale ukingoni, huacha ukauke, halafu hukata kwa msasa uliogandishwa kwenye ubao bapa mpaka ukingo uwe mkali kama wa rula. Baada ya hapo husimamisha rula ya chuma chini ya boti, huweka taa nyuma yake na kuinama kutazama. Mwanga ukipenya popote, kazi haijaisha.

Upande wa umeme, kila kitu ni hesabu, na hesabu zenyewe si za kuogopesha. Seli moja ya betri ya lithiamu polima hutoa volti 3.7 za kawaida. Seli sita mfululizo hutoa 22.2. Mota isiyo na brashi iliyoandikwa mizunguko 1,000 kwa volti itazunguka mara 22,200 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Tuseme fundi amefunga propela ya Octura X447. Tarakimu mbili za mwisho ni kipenyo chake, milimita 47, na kila mzunguko mmoja ungeisogeza mbele mara 1.4 ya kipenyo hicho, kama milimita 66. Zidisha, na unapata karibu kilomita 88 kwa saa. Hiyo ni kasi ya karatasini. Mota ikibebeshwa mzigo hupungua mizunguko, na propela huteleza ndani ya maji, kwa hiyo fundi mwenye busara hukata sehemu ya jibu lake kabla hajamwambia mtu.

Hesabu ya pili ndiyo inayounguza vitu. Mota ikivuta ampea 150 kwa volti 22, hizo ni kilowati 3.3, zaidi ya nguvu farasi nne zinazopita kwenye waya mnene kama penseli. Betri ya ampea-saa 5 ikitolewa ampea 100 itaisha kwa dakika tatu, na haifai kuimaliza, kwa kuwa seli ikishuka chini ya volti tatu huharibika. Ndiyo maana mbio zenyewe ni fupi, ndiyo maana lehemu kwenye plagi haina mzaha, na ndiyo maana mota pamoja na kidhibiti cha kasi hupozwa kwa maji. Pampu haipo. Tundu dogo kwenye usukani huyapokea maji kwa nguvu ya mwendo, mrija huyapitisha kwenye koti la mota, kisha hutoka ubavuni. Dereva aliye ukingoni huyatafuta maji hayo kwa jicho: yakikatika, ni kurudi pwani.

Propela ni sura ya peke yake. Hutoka kiwandani ikiwa butu na haina mizani, na hapo mafundi wawili wenye boti zinazofanana huachana. Propela huning'inizwa kwenye mhimili mwembamba. Ubavu mzito hushuka wenyewe, na fundi huukwaruza kidogo, akapima, akaukwaruza tena. Kisha hunoa ukingo wa mbele. Nyingi ni za shaba iliyochanganywa na beriliamu, na vumbi lake ni sumu ya mapafu, kwa hiyo kazi hufanywa kwa msasa wa maji, barakoa usoni, na meza hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu. Yote hayo kwa kipande cha chuma kisichojaa kiganja, ambacho kikiwa kazini nusu yake iko hewani.

Madukani zipo boti tayari, zinazotoka boksini zikaingia ziwani siku hiyohiyo, na nyingine zina mbio kwelikweli. Aliyejijengea ana faida tofauti: boti ikianza kudunda kama jiwe lililorushwa juu ya maji, anajua pa kutazama. Huenda betri zimekaa nyuma mno, huenda mhimili wa propela umeinama digrii moja zaidi ya inavyotakiwa. Betri zake zimefungwa kwa mkanda ili zisogezwe sentimita mbele au nyuma. Mbio za mifano huzungushwa kwa kupinda kulia, basi bawa la kona, kile kisahani cha chuma kinachouma maji ili boti isiteleze, hukaa kwenye sponsoni ya kulia. Ndani ya kila boti kuna sponji au povu la kuielesha ikipinduka, kwa sababu kupinduka kutakuja.

Kwani ufundi wa kuipunguzia boti maji una ukomo wake. Tarehe 4 Januari 1967, kwenye ziwa la Coniston huko Uingereza, Donald Campbell, mwana wa Malcolm, alikuwa akiisaka kasi ya maili 300 kwa saa katika Bluebird K7. Pua ya boti ilinyanyuka, hewa ikaingia chini yake, ikapinduka angani na Campbell akafa. Boti ya rimoti hufanya vivyo hivyo kila msimu, bila msiba, na fundi huokota vipande akajifunza: kusogeza uzito mbele kidogo, kushusha pembe ya sponsoni, kuruhusu boti ilowe kiasi.

Juni 2018, kwenye Coniston hiyohiyo, boti ya umeme ya Jaguar Vector iitwayo V20E ilifikia kilomita 142.6 kwa saa, rekodi ya dunia ya boti za umeme wakati huo. Zipo boti za rimoti zenye uzito wa kilo chache zilizoipita kasi hiyo kwenye mstari mnyoofu.

Mbio zikiisha, kazi ya fundi hurudi mezani. Huchomoa waya wa ndani unaozungusha propela, huufuta na kuupaka grisi upya. Hurudisha kila seli kwenye volti 3.8 za kuhifadhia. Kisha hufungua daftari na kuandika propela aliyotumia, pembe ya mhimili, mahali betri zilipokaa na joto la mota alipoigusa. Mstari wa chini huuacha kwa jambo moja atakalobadilisha Jumamosi ijayo. Yakiwa mawili, hatajua lipi limeisaidia boti.