Nyeusi Kwanza: Fani ya Agizo la Kufunga Betri

Spana yangu namba 10 ina kovu. Ni kishimo cheusi, kipana kama punje ya mtama, ubavuni karibu na mdomo. Kilichimbika jioni moja uani kwangu, nilipokuwa nikibadilisha betri ya pikipiki huku karatasi ya maelekezo nimeitandaza juu ya kiti. Karatasi ilisema: "Kabla ya kufungua waya nyekundu, fungua waya nyeusi." Nikasoma nusu ya kwanza, mkono ukaenda. Spana ikakaa kwenye nati ya chanya, mkia wake ukagusa fremu, cheche ikaruka.

Tangu siku hiyo nimeisoma sentensi ile mara nyingi, kama mtu anavyorudia ubeti uliomshinda. Maudhui yake hayana kosa. Kosa limo katika fani. Wahakiki wetu wamebishana miaka mingi juu ya mambo haya mawili: wapo waliofananisha fani na ganda la chungwa, maudhui yakawa nyama yake, na wapo waliosema ni pande mbili za sarafu moja. Agizo la betri linanitia upande wa sarafu. Hapa huwezi kumenya ganda ukabaki na maana salama mkononi, kwa sababu mpangilio wa maneno ndio maana yenyewe.

Tutazame kwanza agizo hili linalinda nini. Katika pikipiki nyingi tunazoendesha, waya nyeusi ya hasi imefungwa kwenye fremu, kwa hiyo chuma chote cha chombo, toka injini hadi usukani, ni hasi. Spana iliyoshika chanya ikigusa chuma hicho, ncha mbili za betri zimeunganika bila taa wala honi ya kupunguza mkondo katikati. Spana hupata moto papo hapo. Na kama betri imetoka kuchajiwa na gesi ya haidrojeni bado imetanda juu yake, cheche inaweza kuipasua ikamrushia mtu tindikali usoni. Ukitangulia kutoa hasi, fremu inabaki chuma kitupu. Spana ikiteleza, umeme hauna njia ya kurudi.

Sasa turudi kwenye sentensi. Neno "kabla" limefanya tendo la pili litajwe la kwanza. Msomaji aliyetulia mezani ataligeuza kichwani bila taabu, lakini agizo la ufundi halisomwi mezani. Mtu huliangalia mara moja, akarudisha macho kwenye nati, mkono mmoja una spana na mwingine umemulika kwa tochi ya simu. Msomaji wa namna hii hutenda kadiri anavyosoma, na jina analokutana nalo kwanza ndilo analolifuata. Ametajiwa nyekundu, anakwenda kwenye nyekundu. Onyo linamfikia cheche ikiwa imesharuka.

Linganisha na jinsi agizo hilohilo linavyoweza kusemwa gereji, fundi akiwa amechuchumaa kando yako: "Fungua nyeusi. Ikishatoka, ndipo uguse nyekundu." Maneno yanatembea sambamba na mkono. Nukta iliyo katikati inampa mtu nafasi ya kumaliza jambo moja. Kiambishi "-sha-" kinadai kazi ya kwanza iwe imekwisha kabisa, isiwe imeanzwa tu. Kisha linakuja neno ninaloliona kuwa nguzo ya sentensi nzima, "ndipo". Hiyo "-po" ya mwisho inabeba mahali na wakati pamoja: ni hapo, na ni saa hiyo, wala si kabla. Jaribu kuliondoa, uweke "na": "Fungua nyeusi na nyekundu." Sarufi imetimia na waya zote mbili zimetajwa, ila mlinzi ameondoka mlangoni.

Wakati wa kufunga betri mpya, agizo linageuka: nyekundu kwanza, nyeusi mwisho. Hapa fani yake inapendeza kweli. Nyeusi inaanzisha kazi na nyeusi inaimaliza. Nyekundu iko katikati daima, na kila inapoguswa hasi haipo. Lugha yenyewe inasaidia, maana "funga" na "fungua" ni mzizi mmoja, na irabu "u" ndiyo inayogeuza tendo. Aliyelikamata umbo hili hana haja ya kukariri hatua nne. Nyeusi ni mlango wa nyumba: hufunguliwa kwanza, hufungwa mwisho.

Agizo la betri ya maji lina sehemu ya ziada, ya kujaza tindikali, na humo kitenzi kizito kuliko vyote ni "acha". Jaza hadi kati ya mstari wa chini na wa juu, acha nusu saa, ndipo uchaji taratibu, kwa mkondo wa sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Betri ya Ah 5 hupewa nusu ampea. Katikati ya jaza, chomeka na kaza, "acha" peke yake ndiyo inayomwambia mtu atulize mikono, na ndiyo maana hurukwa. Kijana wa bodaboda anayewaza abiria wanaompita kijiweni huiona nusu saa hiyo kama hasara. Kumbe ndani ya betri kazi inaendelea: sahani za risasi zinanyonya tindikali, na kimo chake kinashuka. Betri iliyoharakishwa hapa huanza maisha ikiwa dhaifu. Neno hilo linastahili mstari wake peke yake, pamoja na sababu yake, kwa kuwa mtu hungoja vizuri akijua anangoja nini.

Dosari kubwa zaidi iko mwishoni. Karatasi yangu iliisha injini ikiwaka. Msuko ulionekana umetimia, kumbe mhusika mmoja ametoweka: betri iliyotolewa. Ilitajwa hatua ya kwanza, haikutajwa tena, nayo ikabaki uani na risasi yake na tindikali yake. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua hadithi hiyo inaweza kuishia wapi. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu jirani na nyumba zao kiliwatia sumu ya risasi, wakubwa kwa watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo mwaka 2024. Agizo linaloishia kwenye mlio wa injini limemwacha msomaji na sumu mkononi bila neno hata moja.

Karatasi yangu nimeiandika upya kwa mkono, mistari sita, nikaibandika chini ya kiti cha pikipiki. Mstari wa kwanza unaanza na neno "nyeusi". "Acha" ina mstari wake. Na wa sita unasema: betri ya zamani isimamishe wima, usiipasue wala kumwaga maji yake, iweke mbali na watoto, kisha uirudishe kwa muuza betri anayepokea chakavu.