Dhahabu Nyekundu ya Zahanati

Malaria ya Taveta ina historia ndefu. Mwaka 1954 eneo hilo lenye Ziwa Jipe na Mto Lumi liliunganishwa na Upare, upande wa Tanganyika, katika Mradi wa Malaria wa Pare-Taveta, na kuta za nyumba zikanyunyiziwa dawa ya dieldrini mpaka 1959. Enzi hizo aliyetaka kujua kama homa yake ni malaria alihitaji hadubini, rangi ya Giemsa na mtu mwenye macho mazoefu.

Hadubini haijastaafu. Lakini kwenye zahanati ndogo, kuanzia Voi hadi Taveta, mara nyingi jibu hutoka kwenye kijibao cha plastiki: unachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye tundu, matone machache ya dawa ya maji yanafuata, kisha mnangoja dakika 15 au 20. Mstari kwenye herufi C unasema kipimo kimefanya kazi. Mwingine ukijitokeza kwenye T, malaria ipo. Wekundu wa mistari hiyo watu huudhania ni wa damu, kumbe ni wa dhahabu.

Dhahabu ya pete na mkufu ni ya njano. Ikiwa chembe za nanomita 20 hadi 40 inakuwa nyekundu. Chembe za nanomita 40 zipatazo 2,000 zingepangwa foleni ndipo zifikie unene wa unywele mmoja. Mwanga ukizigusa, elektroni zake hutikisika kwa pamoja na kuumeza ule wa kijani, na kinachotufikia machoni ni wekundu wa divai. Taita ni nchi ya vito, na rangi ya madini si ngeni huko: kijani cha tsavoraiti, jiwe lililopewa jina la Tsavo, huletwa hasa na vanadi iliyomo ndani yake. Kwenye tsavoraiti rangi hutegemea ni madini gani yamo. Kwenye dhahabu hii hutegemea ukubwa wa chembe.

Michael Faraday aliyachunguza maji mekundu yenye chembe hizi huko London na kuandika habari zake mwaka 1857. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake nchini Marekani wakaeleza upishi ambao unafuatwa hadi leo. Maji yenye chumvi ya dhahabu huchemshwa, kisha humiminiwa sitrati, jamaa wa ile asidi ya ndimu. Njano hafifu hupotea, huja kijivu chenye samawati, halafu zambarau, halafu nyekundu. Chombo kikiwa na uchafu kidogo tu, mpishi huishia na matope.

Hapo kazi ngumu ndiyo kwanza inaanza. Chembe hizi hazigandamani kwa sababu zote zina chaji hasi na hufukuzana. Tia chumvi kidogo, chaji inafifia, zinashikana, na maji yanageuka samawati. Damu nayo ni ya chumvi! Kwa hiyo kila chembe lazima ivishwe nguo ya protini kabla haijakutana na mgonjwa. Nguo hiyo ni kingamwili zilizochaguliwa kuikamata HRP2, protini ambayo kimelea cha Plasmodium falciparum huimwaga ndani ya damu. Chembe zikishavikwa hukaushwa pamoja na sukari, mfano wa ubuyu, ili maji yakizifikia sukari iyeyuke na kuziachilia.

Kisha huja uchapaji wa mistari yenyewe, ambao ndio unaonifanya niuheshimu ufundi huu kuliko mashine nyingi za gharama. Pale Rukinga, karibu na Maungu, kiwanda cha Wildlife Works huchapa fulana, na mchapaji anaiona rangi yake tangu inapogusa kitambaa. Mchapaji wa kipimo cha malaria hana raha hiyo. Utando wa nitroselulosi hupita chini ya mdomo mwembamba wa pampu, nao unadondosha kingamwili, takriban mikrolita moja kwa kila sentimita, katika mstari wenye upana wa kama milimita moja. Ukizidisha, mstari unatanuka na kufifia. Mdomo ukiukwaruza utando, damu itafuata mkwaruzo. Anachapa mstari wa T, anachapa wa C, anakausha, na utando unatoka mweupe pepepe kama ulivyoingia. Na dhahabu bado haijaugusa.

Itaupata siku ya homa. Dawa ya maji huipasua damu na kuisukuma mbele, sukari inayeyuka, chembe zinaanza safari ndani ya vinyweleo vya utando. Iliyobeba HRP2 ikifika T inanaswa na kingamwili zilizochapwa pale. Ya pili inanaswa, ya tatu, hadi zinakuwa nyingi kiasi cha kuonekana kwa macho. Zisizobeba kitu hupita hadi C, ambako kingamwili nyingine huzinasa hata zikiwa tupu.

Wanasayansi wana njia za majivuno zaidi za kupanga vitu vidogo juu ya uso mgumu. George Whitesides wa Harvard alianzisha katika miaka ya 1990 mihuri ya mpira inayochapa molekuli juu ya dhahabu, na mwaka 1999 Chad Mirkin wa Northwestern akaonyesha namna ya kuandika kwa ncha nyembamba mno iliyochovywa katika molekuli. Ni kazi za kustaajabisha, ila hazijawahi kuwekwa kwenye kiganja cha mama mwenye mtoto wa homa.

Kipimo hiki nacho kina aibu zake. HRP2 hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo T nyekundu huenda inasimulia homa iliyokwisha. Nchini Eritrea wamepatikana vimelea waliopoteza jeni ya HRP2, na hao hupita kwenye mstari bila kunaswa.

Ukipimwa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, mwombe mhudumu akuonyeshe kijibao muda ukitimia, si kesho yake, kwa maana kikikauka huweza kuonyesha mstari wa uongo. Anza kutazama C. Pasipo mstari hapo, hujapimwa. Omba kipimo kingine.