Mwindo Baada ya Ushindi: Ardhi na Mafunzo katika Utendi wa Wanyanga

Mjadala kuhusu kuwako kwa utendi katika fasihi simulizi ya Kiafrika, uliochochewa na Ruth Finnegan mwaka 1970 na kujibiwa kwa kirefu na Isidore Okpewho mwaka 1979, umemgeuza Mwindo wa Wanyanga kuwa shahidi wa mahakamani. Hutajwa, huhesabiwa sifa za kishujaa, kisha huachwa. Wanafunzi humjua mtoto aliyezaliwa akitembea, akamshinda baba yake Shemwindo huko Tubondo. Yaliyompata baada ya ushindi hawayajui.

Na hapo ndipo penye uzito wa kazi hii. Mwindo, sasa mtawala, anatamani nyama ya nguruwe mwitu na kuwatuma Wambuti wake porini. Joka Kirimu linawameza watatu, Mwindo analiua. Katika ngano nyingi tendo hilo lingefunga hadithi kwa shangwe. Hapa linahesabiwa kuwa kosa, kwani Nkuba, yaani Radi, alikuwa rafiki wa joka. Anamchukua shujaa mbinguni, na kwa mwaka mzima Mvua, Mwezi, Jua na Nyota wanamtesa na kumwonya. Anarudi na mwiko wa kutoua tena mnyama ye yote. Sheria anazowatangazia watu wake zinatanguliza kilimo: wapande vyakula kwa wingi, kisha ndipo yanapofuata makazi mema, mapatano na kutowadhihaki wagonjwa. Mhakiki anayeishia Tubondo amesoma nusu ya utendi, tena nusu nyepesi.

Candi Rureke aliutamba kwa Kinyanga mwaka 1956, kwa siku 12, mbele ya Daniel Biebuyck, aliyeuchapisha mwaka 1969 pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene. Fanani alieleza kwamba hakuwahi kuutamba wote mfululizo. Kauli hiyo imepuuzwa mno. Maana yake ni kwamba kijijini utendi ulifika vipande vipande, pamoja na nyimbo na waitikiaji, kila kipande kikitegemea hadhira iliyokwisha kusikia vingine. Ukamilifu wa kazi ulikuwa umehifadhiwa na jamii. Kitabu kimeuweka mahali pengine.

Hadhira hiyo imetawanyika. Sheria ya mwaka 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Mwaka 1975 Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilipanuliwa ikaingia misitu ya Walikale. Mwaka 1993 mauaji yalianzia Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na tangu hapo watu wamehamahama. Wapo wanaoweza kushawishika kumfanya Mwindo mhubiri wa hifadhi ya wanyama. Usomaji huo ni wa haraka. Nkuba anamfunga mtawala aliyeua kwa sababu ya tamaa yake, kisha anamrudisha akaishi na watu wake na kuwahimiza kulima. Hifadhi iliwatoa watu msituni. Makatazo haya mawili yanafanana kwa maneno tu.

Kwa vijana wa Walikale na Masisi waliokulia Goma au kambini, Kiswahili ndiyo lugha wanayokutania. Idara za Kiswahili zina sababu ya kuusomesha utendi huu wote, mpaka mwisho wake. Tafsiri itakayowafaa haina budi kubakiza nyimbo na maneno ya pembeni ya fanani, na kuonyesha mahali alipopumzika, ili darasa liweze kuutamba kwa zamu.